Udongo wa Mangusho

Shamba langu limelala ubavu hapa Tegeres
kama ng'ombe aliyekataa kuamka.
Ukidondosha kiazi mlangoni
utakiokota kwa jirani.
Miaka kumi na sita nimelima hivyo:
napanda mimi, mvua inavuna,
na kule chini Mangusho anasema
Mungu amempa mkono wa mahindi.

Mkono upi? Udongo ule naujua kwa rangi.
Una majivu ya jiko langu,
una samadi niliyoibeba kichwani
nikiwa na mimba ya Cherukut.
Ulishuka kila Aprili bila kuaga,
nami nikabaki na mawe,
mawe yanayozaa mawe.

Bibi shamba Nambozo alikuja kwa bodaboda
na miti mitatu, uzi, na jiwe.
Akaifunga mithili ya mtu aliyepanua miguu,
akauning'iniza uzi katikati, akasema:
jiwe halina ukoo wala chama,
likitulia hapa, na maji yatatulia.
Tulicheka.
Kisha tukakitembeza kile kijitu cha miti
toka mpaka wa kahawa hadi migombani,
hatua kwa hatua, tukipigilia vigingi.

Fanya juu, alituambia. Chimba, udongo tupa juu.
Hakuna neno gumu hapo. Ugumu uko kiunoni.
Wanawake kumi na wawili: Jumanne kwangu,
Alhamisi kwa Yeko,
na aliyechelewa analeta sukari.
Kwenye kingo tukachomeka mabingobingo,
ng'ombe akitutazama
kama bwana harusi anayesubiri sinia.

Mvua ya kwanza ilipokuja sikulala.
Nilisimama na tochi nikisikiliza.
Maji yalifika mtaroni, yakanung'unika,
yakazunguka kama mgeni asiyeona kiti,
yakakaa.

Mwaka haujaisha, Mangusho kwa mwenyekiti wa LC:
"Huyu mama amenizuilia udongo wangu."
Wangu!
Mwenyekiti akakuna shingo, akaandika, akafuta,
akauliza kama udongo una hati.
Watu wakaangua kicheko.
Mimi sikucheka. Mahindi yake kweli yalikuwa yamepauka,
na mkewe pale ukutani alikuwa anahesabu kitu kwa vidole,
akifika saba anaanza upya.
Nikarudi nyumbani na ushindi
usiopikika.

Msimu mzima hatukusalimiana.

Hadi asubuhi moja naona mtu anapanda,
jembe begani, mkononi donge la tope.
Hakutaka kigoda. Alisema ameanza mtaro wake,
peke yake, usiku usiku,
asionekane akiiga wanawake,
na alipofika kina cha goti
jembe likalia bati.

Kikombe. Cha kijani, mdomo mweupe,
tako limeliwa na kutu.
Cha Satya, marehemu mume wangu.
Alikisahau shambani mwaka ule wa maharagwe mengi,
akanilaumu mimi hadi siku alipougua.
Kina cha goti!
Udongo wote ule juu yake,
uliokwenda kwa miguu ya maji
ukakifukia ugenini.

Mangusho akatazama kucha zake.
"Basi," akasema, na hakuendelea.
"Basi," nikasema nami.

Nikamwita Yeko na wenzake, Ijumaa,
siku isiyo na mwenyewe.
Lile jiwe la Nambozo lilishapotea,
watoto walilirushia ndege.
Nikafunga uzi kwenye sikio la kikombe,
nikakishindilia udongo kipate uzito
(sikuuliza udongo wa nani),
tukaingia nacho shambani kwake.

Kikayumba huku, kikayumba kule.
Mangusho kapiga goti, kigingi tayari, nyundo juu.
"Ngoja," nikamwambia.
"Kiache kwanza kitulie."